Kabla ya taa, nunua oksijeni: mhadhara kuhusu chumba cha upasuaji mdogo katika kliniki

Madaktari, matabibu, wauguzi, nanyi wamiliki wa kliniki mliokuja kusikiliza kabla ya kuagiza vifaa: wakubwa zangu shikamooni, na wengine wote habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie chumba cha upasuaji mdogo, kile chumba kimoja ndani ya kliniki ambamo tunatoa uvimbe wa mafuta, tunapasua majipu, tunatoa kucha zilizozama nyamani, tunatahiri, tunashona majeraha. Chumba hicho hakina mtaalamu wa usingizi mlango wa pili. Hakina wodi ya wagonjwa mahututi wala benki ya damu. Kazi yangu mimi ni usingizi na ganzi, kwa hiyo nitaanzia kichwani kwa mgonjwa, na kisu kitafuata.

Ninachowaomba leo ni kimoja. Usianze jambo lolote ndani ya chumba hicho ikiwa huwezi kumwokoa mgonjwa humohumo likiharibika. Mkilishika hilo, orodha ya manunuzi itajipanga yenyewe.

Nimeingia katika kliniki nyingi mpya mijini. Mara nyingi naoneshwa kwanza taa kubwa ya kuning'inia, kitanda kinachopanda na kushuka, marumaru zinazong'aa. Nikiuliza ambu, ule mfuko wa kubonyeza kwa mkono kumpulizia mgonjwa hewa, iko wapi, kabati linafunguliwa, halafu jingine, halafu mtu anatumwa stoo. Mtu mzima aliyeacha kupumua ana dakika chache sana kabla ubongo haujaanza kuumia, na dakika hizo huishia stoo. Ambu na barakoa zake, ya mtu mzima na ya mtoto, zikae ukutani juu ya kichwa cha mgonjwa, mahali ambapo mkono unafika bila macho kutafuta. Mashine ya kufyonza makohozi na matapishi ikae chini yake, ijaribiwe kila asubuhi. Ya kukanyaga kwa mguu inatosha, tena umeme ukikatika haikuachi.

Sasa oksijeni. Wengi mnanunua konsentreta, mashine ya kutoa oksijeni, na ni chaguo zuri kwa kuwa inavuta hewa ya chumbani na haihitaji kujazwa. Lakini inakula umeme, na umeme wetu tunaujua. Kwa hiyo lazima pawe na mtungi wa akiba, na hapa naomba mpige hesabu pamoja nami. Mtungi wenye lita 680, ukiufungua kwa lita 10 kwa dakika, unakupa dakika 68. Hiyo ni kama ulikuwa umejaa. Sasa jiulize: kutoka kliniki yako hadi hospitali inayoweza kumpokea mgonjwa mahututi ni mwendo gani, saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, barabara imejaa daladala? Gari la wagonjwa linafika baada ya muda gani? Jumlisha. Kama jumla inazidi dakika 68, mtungi mmoja hautoshi. Na spana ya kufungulia ifungwe kwa kamba kwenye mtungi wenyewe, kwa sababu mtungi uliojaa bila spana haumsaidii mtu.

Oksimita ya kidole, inayopima oksijeni kwenye damu, ni kifaa kidogo na bei yake si ya kutisha. Hakuna kisingizio cha kutokuwa nayo. Ila ijueni tabia yake. Huku pwani anakuja mama ametoka harusini, vidole vimepakwa piko nyeusi, na mashine inakataa kusoma au inatoa namba za ajabu. Tafuta kidole kisichopakwa, au cha mguu, au ndewe ya sikio. La pili ni zito zaidi. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionesha kwamba oksimita huficha upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi kuliko kwa wagonjwa weupe. Nasi karibu wagonjwa wetu wote ni weusi. Kwa hiyo mashine ikikuonesha asilimia 92, usistarehe. Mtazame mgonjwa mwenyewe: kifua kinapanda? Anakujibu? Midomo na ulimi vina rangi gani?

Tuje kwenye ganzi, na hapa nitakaa kidogo, maana ndipo ninapoogopa zaidi. Lignokeini, dawa yetu ya ganzi, tunaitumia kila siku mpaka tunaichukulia kama maji. Chupa iliyozoeleka ni ya asilimia 2, mililita 50. Asilimia 2 maana yake ni miligramu 20 katika kila mililita. Chupa nzima basi ina miligramu 1,000. Kiwango cha tahadhari kwa lignokeini isiyo na adrenalini ni miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito. Mtu wa kilo 60 anaishia miligramu 180, yaani mililita 9 tu za chupa ile. Mililita tisa! Ikiwa imechanganywa na adrenalini unaruhusiwa kufika miligramu 7 kwa kilo, ambazo kwa mtu huyohuyo ni mililita 21. Sasa mchukue mtoto wa kilo 10 aliyeletwa kutahiriwa. Kikomo chake ni miligramu 30, ambazo ni mililita moja na nusu. Ukivuta bomba la sindano la mililita 5 kwa mazoea na kulimaliza, umempa zaidi ya mara tatu ya kikomo chake.

Dawa ya suala hili ni rahisi. Mgonjwa apimwe uzito kwenye mizani, asikadiriwe kwa macho. Kikomo chake kiandikwe kwa mililita kwenye ubao kabla sindano haijavutwa, na muuguzi akisome kwa sauti. Mkihitaji ujazo mkubwa, zimueni kwa maji ya chumvi ifike asilimia 1, ujazo unakuwa maradufu na dawa ni ileile. Kila mara vuta bomba nyuma kwanza uone kama damu inaingia, ndipo usukume, polepole. Na ongea na mgonjwa muda wote. Akisema mdomo unakufa ganzi, anahisi ladha ya chuma, masikio yanavuma, au ghafla akaanza kuropoka, acha hapohapo. Hiyo ni dawa imefika kwenye ubongo, na kinachofuata ni degedege, kisha moyo. Mpe oksijeni, tuliza degedege kwa diazepamu au midazolamu, na mpe mafuta maalumu ya kudungwa mshipani (lipid emulsion) ya asilimia 20, mililita 1.5 kwa kilo, ndani ya dakika mbili au tatu. Anayetumia ganzi nyingi kila wiki na hana mafuta hayo kabatini namsihi ayatafute wiki hii.

Karibu na mafuta hayo iwepo adrenalini. Mgonjwa akipata mzio mkali, presha ikaanguka na kifua kikabana, dawa ya kwanza ni adrenalini, nusu miligramu kwa mtu mzima, kwenye msuli wa paja, na unarudia baada ya dakika tano kama hajapata nafuu. Naona mara nyingi mikono inakimbilia haidrokotisoni, dawa ya jamii ya steroidi, kwanza. Hiyo haifanyi kazi kwa kasi inayotakiwa.

Kuhusu kuwatuliza wagonjwa kwa sindano, nitasema wazi: sipendi kuona ketamini au midazolamu katika chumba chenye watu wawili tu, anayepasua na anayempa vifaa. Kati ya kutulia na kulala fofofo hakuna ukuta. Dozi inayomfanya mmoja asinzie kidogo inamfanya mwingine aache kupumua. Anayetoa dawa hiyo lazima aweze kumwokoa mgonjwa aliyezama zaidi ya alivyokusudia, na lazima awe na kazi hiyo moja tu. Wala msidhani ni tatizo la nchi maskini. Mwaka 2014, mchekeshaji maarufu wa Marekani Joan Rivers aliingia kliniki binafsi mjini New York kwa uchunguzi wa koo na tumbo, akatulizwa kwa propofoli, dawa ya usingizi, akakosa oksijeni, na baada ya siku chache akafariki. Jiji zima la hospitali kubwa lilikuwa nje ya mlango ule.

Kwa hiyo nani asipasuliwe katika chumba chenu? Mwenye presha isiyotulia, mwenye sukari iliyopanda siku hiyo, anayetumia dawa za kuyeyusha damu bila ushauri wa aliyemwandikia, mwenye koromeo jembamba au mkoromo mkali ikiwa mnafikiria kumtuliza, mtoto mchanga. Uvimbe wa shingoni ambao hamjui umeshika wapi. Kumwandikia mgonjwa rufaa asubuhi, akiwa anatembea kwa miguu yake, ni tiba nzuri kabisa.

Na kila kinyama mnachokata kiingie kwenye fomalini, maji ya kuhifadhia nyama isioze, na kipelekwe maabara ya patholojia inayochunguza nyama za mwili. Nasisitiza hili hasa kwa ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao kidonda kidogo cha sikioni au usoni kisichopona mara nyingi ni saratani ya ngozi. Ukikata, ukatupa ndoo ya taka, ukamwambia arudi nyumbani, hujamtibu. Gharama ya maabara iwekwe ndani ya bei ya upasuaji, isiachwe kwa hiari ya mgonjwa aliyeishiwa nauli.

Vifaa vya chuma: kuchemsha hakutoshi, mbegu za vijidudu vya pepopunda hazifi katika maji yanayochemka. Osheni kwa brashi na sabuni kwanza, kwa sababu damu iliyokauka hukinga vijidudu. Kisha otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo, nyuzi 121 kwa dakika 30 kwa vifurushi vilivyofungwa, na vikauke kabla ya kutolewa. Mistari myeusi kwenye tepu ya kufungia kifurushi inaonesha kifurushi kimepata joto tu. Haithibitishi kwamba vilivyomo ndani ni safi, kwa hiyo wekeni kiashiria ndani ya kila kifurushi pia. Wauguzi wote wachanjwe homa ya ini B, na anayejichoma sindano aanze dawa za kinga dhidi ya VVU mapema awezavyo, isipite saa 72.

Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, na mmoja ni wetu: Ifakara, Morogoro. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2009, vifo katika hospitali zote nane kwa pamoja vilikuwa vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Wenzetu wa Ifakara walisaidia kuifundisha dunia jambo hili, halafu sisi tunaliona ni la hospitali kubwa! Zile zilikuwa operesheni za hospitali, kweli, lakini maswali ni yaleyale: huyu ni nani, tunakata wapi, ana mzio wa nini, oksimita inafanya kazi? Yanachukua chini ya dakika mbili. Yaulizwe kwa sauti, mgonjwa akiwa macho, na muuguzi mdogo kuliko wote awe na ruhusa ya kusema "daktari, subiri" bila kukaripiwa.

Mgonjwa asiondoke mara tu plasta ikishabandikwa. Akae, anywe chai, apimwe presha tena, aondoke na mtu. Apewe karatasi yenye namba ya simu ambayo inapokelewa saa nane za usiku na mtu anayejua alichofanyiwa. Namba ya mapokezi inayozimwa jioni haina maana. Na nanyi muwe na namba ya daktari wa zamu wa hospitali mnakopeleka rufaa, mkubaliane naye leo, kabla hamjamhitaji.

Maswali nitayapokea tukiwa kazini. Madoli ya mazoezi yako nyuma, ambu tunazo. Tugawanyike watatu watatu: mmoja ashike barakoa kwa mikono miwili, mmoja abonyeze, wa tatu ahesabu pumzi kwa sauti. Wamiliki wa kliniki nao waje, nao wabonyeze.