Waliokufa Kweli na Waliokufa kwa Kuigiza

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Waliokuja wakitumaini kuona vipande vya filamu nawaomba radhi mapema: sionyeshi hata kimoja. Sababu yake mtaipata tukifika mbele kidogo.

Nimeombwa nizungumzie filamu za kutisha zinazouza mshtuko, zile za damu, matumbo na mapanga. Mmoja wa waanzilishi wa biashara hii, Mmarekani Herschell Gordon Lewis, alikuwa mtu wa matangazo. Mwaka 1963 alitoa Blood Feast, filamu iliyopigwa Florida kwa fedha kiduchu na yenye uigizaji wa kuchekesha. Watazamaji waligawiwa mifuko ya kutapikia, na ule mfuko ndio uliovuta watu. Lewis alitosheka mteja aingie ukumbini akijiuliza kama ataweza kustahimili.

Damu ile ilikuwa rangi, na kila mtu alijua ni rangi. Tatizo la muuza mshtuko ni kwamba macho huzoea upesi. Ukishaona kichwa kimoja cha bandia kikibingirika, cha pili hakikunyimi usingizi. Soko likabaki na njia moja ya kupandisha dau: kuuza kifo ambacho mtazamaji hana hakika kama ni cha kuigiza.

Njia hiyo Waitaliano walikuwa wameshaifyeka, na hapa habari inatuhusu sisi wenyewe. Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, waliopata umaarufu na fedha kwa Mondo Cane ya mwaka 1962, mkusanyiko wa picha za kushtua zilizouzwa kama za kweli, walikuja Afrika na kamera zao, kisha mwaka 1966 wakatoa Africa Addio. Humo mna picha zilizopigwa kutoka angani juu ya Zanzibar, Januari 1964: misururu ya watu, makaburi ya halaiki, miili ufukweni. Mna watu wanaopigwa risasi Kongo mbele ya kamera. Jacopetti alichunguzwa kwao Italia kwa tuhuma kwamba mauaji ya Kongo yalipangwa kwa ajili ya filamu yake, akaonekana hana hatia. Lakini filamu yenyewe imechanganya ya kweli na ya kupangwa, na msimulizi wake anamdharau Mwafrika tangu mwanzo. Marekani wakaikatakata, wakaipa jina jipya, Africa Blood and Guts, wakaipeleka kwa wateja walewale wa filamu za damu. Nadhani mnaelewa sasa kwa nini leo projekta imezimwa. Waliomo kwenye picha zile wana watoto na wajukuu, na sina hakika nani ameketi mbele yangu.

Mwanafunzi hodari wa shule hiyo alikuwa Ruggero Deodato. Mwaka 1980 alitoa Cannibal Holocaust, iliyopigwa karibu na Leticia, upande wa Kolombia wa Amazon. Hata mtunzi wa muziki, Riz Ortolani, alikuwa yuleyule wa akina Jacopetti, na muziki wake ni mtamu kiasi cha kukera. Hadithi ni hii: profesa wa New York anaingia msituni kuwatafuta vijana wanne wapiga filamu waliopotea, anakuta mikanda yao tu. Mikanda inapoonyeshwa, tunagundua kwamba vijana hao ndio waliochoma vibanda, wakabaka, wakaua, ili wapate picha za kuuza. Deodato alijitetea kwamba alikuwa anawashambulia waandishi wa habari wanaokula kwa damu ya wengine. Utetezi huo naukubali nusu. Mtu anayelaani mlo huku akijaza sahani yake si shahidi mzuri.

Baada ya onyesho la Milan filamu ilikamatwa. Deodato alishtakiwa kwa uchafu wa maadili, kisha ikaja shaka nzito zaidi, kwamba aliwaua waigizaji wake. Shaka hiyo aliipanda mwenyewe, maana waigizaji walikuwa wametia saini kwamba watajificha mwaka mzima. Ikabidi awatoe, wakaonekana wazima. Kuhusu mwanamke aliyechomekwa kwenye mti, picha iliyowatisha watu kuliko zote, alieleza siri yake: dada huyo alikalia kiti cha baiskeli kilichofungwa kwenye nguzo ya chuma, akashikilia mdomoni kipande cha mti mwepesi. Basi. Lakini wanyama waliuawa kweli, akiwamo kobe na nguruwe. Nyani wadogo waliuawa wawili kwa tukio moja, kwa sababu lilipigwa mara mbili.

Hayo husimuliwa kila filamu hii inapotajwa. Linalosimuliwa kidogo ni hili. Katikati ya filamu, profesa anaonyeshwa kazi ya awali ya wale vijana: watu wakipigwa risasi na vikosi vya askari. Anaambiwa asihangaike, yote yale yalipangwa na vijana wenyewe. Ukweli ni kwamba zile ni picha halisi, za Nijeria na za Asia ya Kusini-Mashariki. Waliokufa mle walikufa.

Angalieni hesabu ilivyopinduliwa. Wazungu wanne waliokuwa hai walitangazwa kana kwamba wamekufa, na dola ya Italia ikataka kuwaona. Waafrika na Waasia waliouawa walitangazwa kana kwamba wanaigiza, na mbele ya mahakama hakuna aliyetakiwa kueleza walikuwa nani. Mahakama ilimhukumu Deodato na wenzake kifungo cha nje cha miezi minne, kwa uchafu na ukatili kwa wanyama.

Uingereza nako filamu iliandamwa miaka ya themanini, enzi za hofu ya kanda za video za ukatili, ikakatwa vibaya ilipokuja kuruhusiwa. Mwaka 2011 bodi ya filamu ya huko iliiruhusu karibu nzima. Ilitoa sekunde 15 tu, za kuchinjwa kwa koati, mnyama mdogo wa Amazon mwenye pua ndefu, kwa sababu sheria yao ya mwaka 1937 inakataza ukatili wa kweli kwa mnyama uliopangwa kwa ajili ya kamera. Bodi ilifuata sheria, siilaumu. Wale waliopigwa risasi sheria hiyo haiwahusu, kwa hiyo bado wamo, na bado filamu inasema wanaigiza.

Mwenye swali na anyooshe mkono.