Kalibu Ndiyo Inayopanga Idadi: Mhadhara juu ya Modeli za Resini za Ndege za Kubuni, Arusha

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu mliofika, mafundi wenzangu na wanafunzi, shikamooni kwa wanaostahili shikamoo, na kwa rika langu habari za jioni.

Kabla sijaanza, naomba kipande hiki cha bawa kizunguke ukumbini kuanzia safu ya mbele. Kishikeni kwa ncha zake mbili na msikipinde. Ni bawa la kushoto la ndege ambayo haijawahi kuruka wala haitaruka, kwa kuwa niliibuni mwenyewe katika kipimo cha 1/72, yaani imepunguzwa mara 72, na kuipa jina la Korongo. Anayeinunua hupokea sanduku lenye vipande kumi na vinne, stika za maji (zile zinazolowekwa kabla ya kubandikwa) na karatasi ya maelekezo, kisha huketi mezani kwake na kuiunganisha, kuipiga msasa na kuipaka rangi. Nimeombwa nieleze jinsi vitu vya namna hii, yaani modeli za ndege za bunilizi ya kisayansi, vinavyobuniwa na kuuzwa kwa toleo dogo la nakala chache zilizohesabiwa.

Nilikuja kwenye kazi hii kutoka kwenye jipsamu. Kwa miaka kadhaa nilimimina makonisi na maua ya dari kwa ajili ya nyumba za Njiro na Sakina, na jipsamu ilinifundisha jambo ambalo wachoraji wengi hawalijui, kwamba umbo lisiloweza kutoka kwenye kalibu ni picha tu. Kwa hiyo ninapobuni ndege sianzi na mabawa. Naanza kwa kujiuliza kalibu itafungukia wapi, resini, yaani plastiki ya maji inayoiva na kuwa ngumu, itaingilia wapi na hewa itatokea wapi, na ndipo ninapochora ndege itakayokubali majibu hayo.

Kiwanda kikubwa cha modeli za plastiki, kwa mfano Airfix ya Uingereza, hutumia kalibu za chuma ambazo plastiki ya moto husukumwa ndani yake kwa nguvu nyingi. Kalibu hizo ni ghali mno, lakini hutoa maelfu na maelfu ya nakala, na gharama yake husambaa katika nakala hizo. Sisi wa toleo dogo tunatumia kalibu za silikoni, ambayo ni aina ya mpira, ambazo fundi anaweza kuzitengeneza kwa siku moja au mbili juu ya meza ya kawaida, na ambazo hufa mapema. Kila unapomimina resini, joto na kemikali zake huila silikoni kidogo. Mpira unakauka, unakuwa mgumu, na siku moja ukingo mwembamba unakatika na kubaki ndani ya kipande unachokitoa. Kwa mikono yangu na resini ninayotumia, kalibu moja hunipa nakala 25 nzuri. Fundi mwingine atapata 40, mwingine 15. Mnunuzi akiambiwa kwamba toleo lina nakala 25 anaweza kudhani ni ujanja wa kupandisha bei, kumbe ni umri wa mpira.

Niseme sasa juu ya ubunifu wenyewe, kwa kuwa ndipo penye utamu.

Watu hufikiri kwamba ndege ya kubuni inampa mchoraji uhuru wote, na kwamba kadiri inavyokuwa ya ajabu ndivyo inavyopendeza. Sikubaliani nao. Ndege za kweli zimekwisha kuwa za ajabu kutushinda. Blohm & Voss BV 141 ya Ujerumani, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1938, ilikuwa na injini upande mmoja na chumba cha marubani upande mwingine, kama mtu aliyebeba mzigo bega moja. X-29 ya Marekani, iliyoruka mwaka 1984, mabawa yake yalielekea mbele badala ya nyuma. Ukishindana na hizo kwa uajabu utashindwa. Ndege ya kubuni hupendeza pale mtazamaji anapoamini kwamba kuna mtu anayeihudumia, kwamba mafuta yana tundu la kuingilia, hewa ina njia ya kufika kwenye injini, na rubani ana ngazi ya kupandia.

Mimi huenda kujifunza hayo karibu tu, katika uwanja wa ndege wa Arusha, kwa kuzitazama Cessna Caravan zinazopeleka watalii Serengeti. Bomba lake la moshi limetokeza upande wa kulia wa pua, na kwa hiyo masizi nayo huchafua upande huo. Ukiipaka modeli masizi sawasawa pande zote mbili, mtu anayezijua ndege hizo atacheka. Nilipobuni Korongo niliipa bomba moja, upande mmoja, na tumbo la mizigo lililoshuka chini ya kiwiliwili kama la Caravan, ingawa injini yake ni ya kufikirika kabisa na kwa mujibu wa hadithi niliyoitungia inabeba dawa na barua kati ya vituo vilivyo juu ya mawingu.

Kuna suala la ukubwa. Ndege isiyokuwepo haina vipimo ambavyo mtazamaji anavijua, kwa hiyo jicho hutafuta kitu cha binadamu ili lipate kukadiria. Mtu wa sentimita 173, akipunguzwa kwa 72, anabaki na milimita 24. Mlango, kipago cha ngazi na kiti cha rubani vyote vitoke katika hizo milimita 24. Ukikosea mlango kwa milimita tano, ndege nzima inageuka kuwa kitu cha kuchezea, na mnunuzi asijue kwa nini haimpendezi. Mistari ya paneli, yaani maungio ya mabati ya ndege, ndiyo peke yake inayodai uongo kidogo: mwanya wa milimita tano katika ndege ya kweli, kwa kipimo hiki, ungekuwa milimita 0.07, na koti moja la rangi lingeuziba. Kwa hiyo tunauchimba mpana kuliko haki yake.

Halafu resini yenyewe ina tabia zake. Ni nzito kuliko mtu anavyotarajia, na kiwiliwili kikijazwa resini hadi nyuma, modeli itakalia mkia wake kama mbwa. Kwa sababu hiyo sehemu ya nyuma ya Korongo nimeiacha wazi kwa ndani. Miguu ya magurudumu ikiwa ya resini tupu hulegea polepole ikibeba uzito huo, kwa hiyo ninaiwekea waya wa shaba ndani. Bawa jembamba hupinda likiachwa kwenye gari lililoegeshwa juani, lakini hunyooka likitumbukizwa kwenye maji ya moto na kushikiliwa hadi lipoe. Karatasi ya maelekezo inasema hivyo, katika mstari wa kwanza kabisa.

Sasa nikiri kosa langu. Kipande asilia cha kwanza cha Korongo, kile ambacho mafundi hukiita masta, nilikichapisha kwa printa ya pande tatu, ile inayotumia resini inayokauka kwa mwanga. Kilitoka kizuri mno. Nikakizungushia boksi la vipande vya plastiki, nikapima kilo nzima ya silikoni ya aina ya platina (inayoivishwa kwa kichocheo cha platina; nyingine huivishwa kwa bati), nikaimimina taratibu kutoka pembe moja kama inavyotakiwa, nikaenda kulala. Asubuhi silikoni ya nje ilikuwa imekauka vizuri, lakini ile iliyogusana na masta ilikuwa bado ni ute, unanata kama utomvu wa fenesi, umejaa katika kila mstari niliokuwa nimeuchimba. Silikoni ya platina haiivi ikigusana na resini ya printa ambayo haijakauka kikamilifu, wala na salfa, wala na silikoni ya aina ya bati. Nilipoteza kilo ya mpira na masta kwa pamoja. Tangu siku hiyo masta yangu huoshwa kwa spiriti, hukaa kwenye jua la hapa siku kadhaa, kisha hupakwa koti la rangi. Na nikiwa na shaka yoyote natumia silikoni ya bati, ambayo haina maringo.

Hapa kwetu kuna mambo mawili ambayo maelekezo yanayokuja na bidhaa hayayataji. La kwanza ni mwinuko. Silikoni ikishachanganywa huwekwa kwenye chombo na pampu huivuta hewa. Huumuka kama maziwa yanayochemka, kisha hunywea, na mapovu yanakuwa yametoka. Maelekezo husema geji isome inchi 29 za zebaki. Hapa Arusha, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, geji haitavuka 25 au 26 hata pampu ikiwa mpya, kwa kuwa inapima tofauti ya ndani na nje, na hewa ya nje kwetu ni pungufu. Niliifungua pampu mara mbili na kubadilisha mpira wa kifuniko kabla sijalielewa hilo. Ndugu zetu wa Moshi, walio chini yetu kwa mita 500 hivi, wataona 27.

La pili ni masika. Resini ya poliyurethani huja katika chupa mbili, na moja ina isosayaneti, ambayo ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Mwezi wa Aprili, chupa ikiachwa wazi kwa muda wa kupokea simu, inavuta unyevu, na bawa linalotoka kwenye kalibu limejaa matundu kama andazi. Fungeni chupa kabla ya kuipokea simu. Na kwa kuwa kemikali hiyo hiyo huweza kumpa mtu pumu ya maisha, mimina mahali penye hewa, na msasa upige kwa maji huku umevaa barakoa.

Nikija kwenye fedha, nitatumia mfano. Tuseme silikoni, resini, stika na masanduku ya toleo zima vimekugharimu shilingi 1,800,000. Ukigawanya kwa nakala 25 unapata 72,000 kwa kila moja, kabla hujahesabu hata siku moja ya kazi yako. Lakini nne zikiharibika, mgawanyo ni kwa 21, na kila nakala inapanda hadi 85,700 na ushei. Wengi hupanga bei kwa hesabu ya kwanza na kupata hasara kwa hesabu ya pili. Mimi hutangaza idadi baada ya kumimina nakala tatu za majaribio, na sipokei shilingi ya mtu kabla ya hapo. Kuchukua fedha za watu kwa ajili ya ndege iliyomo kwenye kompyuta ni kujitafutia maadui.

Wanunuzi wangu wengi wako nje, na hapo usafirishaji ndio mtihani. Wakala mmoja aliwahi kulizuia sanduku langu kwa siku kumi na moja kwa sababu niliandika neno resini katika fomu, naye akaamini nasafirisha kemikali. Nilikasirika, lakini neno lilikuwa langu. Resini ambayo haijaiva ina masharti yake katika ndege. Iliyokwisha kuiva ni plastiki kama sahani. Siku hizi naandika kwamba ni modeli ya plastiki ya kuunganisha, isiyo na gundi wala rangi, na kweli siweki gundi wala rangi.

Stika za maji nimeziandika kwa Kiswahili. Pale ambapo ndege za wenzetu zina onyo la kukataza kukanyaga bawa, Korongo imeandikwa USIKANYAGE, kwa herufi ambazo urefu wake haufiki milimita moja. Mnunuzi mmoja wa Ujerumani aliniandikia akiuliza maana yake, kisha akaagiza seti ya pili.

Suala la haki nalo lisipuuzwe. Ndege unayoiona katika filamu ina mwenyewe, na kuichonga upya hakuifanyi iwe yako. Hapa nchini tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Wajapani walilitatua kwa namna ninayoipenda: katika tamasha la Wonder Festival, wenye haki huwapa mafundi wadogo kibali cha siku moja, wauze nakala chache siku hiyo na ukumbi huo, basi. Sisi hatuna utaratibu huo, kwa hiyo buni yako. Na ukishaibuni, kuna watakaonunua seti moja na kuifanya masta ya kalibu zao. Hao mimi huwatambua kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia sehemu ndogo za milimita. Resini husinyaa kidogo inapoiva. Yangu husinyaa karibu nusu ya asilimia, na bawa la milimita 180 lililonakiliwa kutoka kwenye nakala hupungua karibu milimita moja. Mistari ya paneli nayo hufifia, kama picha ya pasipoti iliyopitishwa mara mbili kwenye mashine ya fotokopi.

Kalibu ikishatoa nakala ya 25, mimi huikata kwa kisu vipande vipande, na kila sanduku la toleo hilo hupata kipande kimoja cha mpira, ili mnunuzi ajue kwamba hakutakuwa na nakala ya 26.

Nitapokea maswali. Wakati huo huo, naomba lile bawa lirudi mezani, kwa kuwa ni la seti namba 19, na mwenyewe ameshalipa.