Msitupe Pevingi, Turudishieni Mafunjo

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo. Nimeombwa niongelee bustani ya jamii kando ya ziwa, na walionialika walijua kabisa watakachosikia.

Hapa Mwanza tukitamka bustani, linalotujia ni pevingi, ukoka wa kumwagilia, benchi la zege na pundamilia wa saruji. Pundamilia! Wakati nyuma ya ukuta huohuo fisi maji wa kweli anafukuzwa kwa mawe. Mimi nasema bustani ya ufukweni ianze na tope: matete, mafunjo, maji yanayotembea polepole. Mabenchi yatafuata.

Nasikia mtu kule nyuma ananong'ona: mbu. Kila nikisimama, mbu. Haya, tuwamalize. Mbu anayetuletea malaria hupenda sana vidimbwi vidogo vinavyopigwa jua: alama ya tairi, shimo la wafyatua tofali. Sisemi kinamasi hakina mbu, kinao. Lakini kina pia samaki, vyura na kereng'ende wanaokula viluwiluwi vyao. Mtaro wako ulioziba kwa chupa za plastiki, nani anakula humo?

Watakuja na kichocho. Hilo sitalifanyia mzaha. Kanda yetu inaumwa kichocho kweli, na konokono anayekieneza hupenda majani ya majini. Ila niwaulize: konokono analiwa na nani? Kamongo. Na hapa mwenyekiti anivumilie kidogo.

Kamongo wengi wetu tunamjua akiwa kwenye sufuria, pamoja na yale maneno ya wanaume kuhusu mchuzi wake ambayo sitayarudia mbele ya mama zangu hawa. Hebu tumtazame akiwa hai. Ana mapafu. Mzuie asipande juu kuvuta hewa, atakufa maji, samaki mzima! Meno yake ni mabamba magumu. Gamba la konokono analisaga. Na ukifika wakati wa kuzaa haendi kilindini, anaingia kwenye kinamasi, anatengeneza kiota chini ya majani na mizizi, na dume ndilo linalobaki kulinda mayai na vifaranga. Sasa wewe unafyeka mafunjo upande matembele, au unamwaga kifusi upime viwanja. Kamongo hana pa kuzalia. Konokono hana shida, majani machache ya pembeni yanamtosha. Umemfukuza mlinzi, mwizi umemwachia mlango, kisha unakuja mkutanoni kusema kinamasi kinaleta kichocho!

Watu nao, ili wasipate kichocho, wasikanyage maji. Tujenge njia ya mbao ipite juu ya mafunjo, kama ile ya wenzetu wa Dunga, kule Kisumu.

Mtaniambia eneo la ufukweni ni ghali, liendelezwe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mita 60 kutoka ukingoni zisiwekewe shughuli za kudumu. Na mwaka 2020 ziwa lilipofura lilikuja kuzichukua lenyewe, halikusubiri ilani ya mtu.

Shina hili la funjo nimekuja nalo, lipitisheni mkono kwa mkono. Lina pembe tatu. Livunjeni: ndani ni jeupe, jepesi, limejaa hewa, ndiyo maana linamudu kusimama kwenye tope lisilo na hewa. Mto Mirongo unashuka na uchafu wetu kupitia katikati ya jiji hadi kwenye ziwa hilihili tunalokunywa. Mto ukikutana na mafunjo, maji hupunguza mwendo, tope linatuama, mizizi inanyonya naitrojeni na fosforasi ambazo vinginevyo zingelisha magugu maji. Lakini lazima mafunjo yakatwe kwa zamu na kutolewa, yasukwe mikeka. Yakiachwa yaoze palepale, rutuba inarudi majini.

Nilitaka kusema habari za ndege, yangeyange na mnandi, nina picha... hapana, ziacheni. Anayedai wanyamapori hawakai na mji aangalie Saanane: hifadhi ya taifa tangu 2013, na iko ndani ya jiji.

Mwenyekiti ananionyesha saa. La fedha, na la BMU, vile vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, kusimamia ukataji, tutayazungumza nje. Mama mwenye kilemba cha bluu, umenyoosha mkono tangu kwenye mbu, karibu.