Damper kwa makaa: mkate wa safari ndefu Oodnadatta Track

Haya wadau, karibuni. Leo tuko Coward Springs, Australia Kusini, kwenye Oodnadatta Track, barabara ya vumbi ya kama kilomita 620 toka Marree mpaka Marla. Hiyo mitende nyuma yangu msishangae, walianza kuipanda hapa karne ya 19, halafu treni ya Ghan ilikuwa inapita hapahapa mpaka 1980. Tuko familia na marafiki, watoto kibao, na mkate wa dukani uliisha juzi. Kwa hiyo tunaoka damper, mkate wa jadi wa huku porini, na mi naupenda kuliko wa dukani.

Kwanza angalia kama leo kuna marufuku ya moto. Ikiwepo, hakuna kuwasha, mtakula vya baridi. Kama haipo washa kuni saa nzima kabla, maana tunataka makaa, sio miali.

Unga vikombe 3, ule unaouzwa ukiwa na baking pauda ndani, chumvi nusu kijiko cha chai, siagi gramu 80, sugua kwa vidole mpaka uwe chengachenga. Maji robo tatu ya kikombe, mimina kidogokidogo. Changanya tu, usikande kama wa chapati, ukikanda sana unakuwa mgumu. Viringisha, bonyeza juu, kata alama ya msalaba. Basi.

Subiri, upepo umegeuka, moshi wote unakuja kwenye kamera... hebu sogea huku. Na hawa nzi jamani! Funika unga, funika.

Sasa sikilizeni, hapa ndo penyewe. Hii sufuria nzito ya chuma, camp oven, ina mfuniko wenye ukingo ili makaa yakae juu. Ni moto juu moto chini, kama unavyopalia mkate wa kumimina. Ila chini weka MACHACHE. Theluthi chini, theluthi mbili juu. Weka na kiwaya ndani, mkate usigusane na chuma. Narudia, chini machache, hiki chuma kinatunza joto balaa, juu utaona mkate bado mweupe kumbe chini ni mkaa tayari.

Dakika 25 mpaka 35. Kwenye dakika ya 20 chungulia, na mfuniko unyanyue kwa ndoano, wima kabisa, usiuinamishe, ukiuinamisha majivu yote ndani. Ona... taratibu... aah safi, rangi imeanza kuja. Upande wa upepo umewahi kuiva, kwa hiyo nazungusha sufuria nusu. Makaa ya chini yamezidi, natoa mawili. Si niliwaambia, machache!

Gonga mgongo wa mkate, ukisikia mlio wa uwazi ndani, umeiva. Wengi huku wanakula na golden syrup, ile shira nzito ya sukari, mi nachagua siagi na chai ya tangawizi ya moto. Umege kwa mkono ukiwa na mvuke, kisu cha nini.

Mkishakula, moto uzimeni kwa MAJI. Msifukie na mchanga, wazazi nawaomba sana, mchanga unaficha makaa na joto linabaki chini masaa mengi, na watoto asubuhi wanakimbia peku. Mwaga maji, koroga, mwaga tena, mpaka ukiweka mkono karibu usisikie joto.