Nipe Mfano: Kumfunza Mchambuzi wa Mahitaji Kazi ya Timu ya Ajaili

Ndugu zangu, habari za mchana. Ilani ya ajaili ya mwaka 2001, ile njia ya kutengeneza programu za kompyuta kidogokidogo, mnaijua, sprinti, vile vipindi vifupi vya kazi, mnazijua, na kile kikao cha kila siku cha dakika 15 mnakijua vizuri, ingawa wengine mmeshakifanya cha saa nzima. Hayo nayaruka. Nimekuja na neno lilelile, na waliokwisha kunisikia wavumilie: wachambuzi wetu wa mahitaji, hawa wa kuuliza programu imfanyie nini mteja, tunawafunza msamiati, kazi hatuwafunzi.

Tazameni ratiba za mafunzo. Siku ya kwanza historia, siku ya pili majukumu, siku ya tatu kuandika stori, yaani maelezo mafupi ya kitu anachotaka mteja, kwa ule mtindo wa "kama mteja, nataka hiki, ili nipate kile". Kisha mtihani, vyeti, picha ya pamoja. Jumatatu mchambuzi yuko ofisini, anaandika stori 40, anazimwaga kwenye mfumo wa kufuatilia kazi, anakaa kusubiri. Kila mtengeneza programu anazisoma kwa akili yake. Hiyo ni hati ileile ya zamani ya kurasa mia, ila imekatwakatwa.

Najua yuko anayesema moyoni: kwani huyo mchambuzi ana nafasi gani? Mwongozo wa Skramu wa 2020, Skramu ikiwa utaratibu mmojawapo wa ajaili, unataja watu wa aina tatu tu: mmiliki wa bidhaa, anayeamua kipi kitangulie; skramu masta, anayeisaidia timu kufuata utaratibu; na watengenezaji. Ni kweli. Lakini mwongozo huohuo unapomtaja mtengenezaji hausemi ni mwandika programu peke yake. Ni kila anayechangia kitu kinachokamilika ndani ya sprinti. Mchambuzi yumo humo. Na kama humtaki kwa cheo hicho, sawa, mwite upendavyo, lakini kuna mtu lazima aulize maswali kabla programu haijaandikwa. Tuendelee.

Mimi nasema hivi: zoezi la kwanza la mchambuzi, kabla hajaona slaidi hata moja, liwe kadi za karatasi. Rangi nne. Njano ni stori, moja tu. Bluu ni kanuni. Kijani ni mifano. Nyekundu ni maswali yasiyo na jibu pale mezani. Mbinu hii aliieleza mtaalamu wa programu Matt Wynne mwaka 2015, na muda wake ni dakika 25, si zaidi. Mezani wakae watatu: mchambuzi, mtengeneza programu, na mpimaji, yule anayeijaribu programu. Mmiliki wa bidhaa akiwepo ni bora zaidi.

Chukueni jambo ambalo kila mtu humu ndani analifanya: kununua umeme wa LUKU, ule wa kulipia kabla, kwa simu. Kadi ya njano: mteja ananunua umeme kwa simu, anapata tokeni, ile namba ya kuingiza kwenye mita. Mwanafunzi anatabasamu, anaona rahisi. Kadi ya bluu ya kwanza: malipo yakifanikiwa, mteja anapata tokeni ya tarakimu 20. Haya, nipe mfano. Anaandika: "Mteja mwenye salio la kutosha ananunua umeme, anapata tokeni."

Huo si mfano, jamani. Hiyo ni kanuni imevaa kanzu nyingine. Mfano una mtu, una kiasi, una tarehe, una matokeo yanayoonekana kwenye kioo cha simu. Asha, tarehe 3, ana salio la 12,000, ananunua umeme wa 10,000. Mwambie aandike hivyo, na hapo ndipo mambo yanaanza kufumuka. Mpimaji anauliza: 10,000 yote inakuwa umeme? Haiwi. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humohumo kwenye LUKU: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila ghorofa, mwaka 2023 ikapanda kuwa 1,500 na 7,500. Kadi mpya ya bluu. Na mtengeneza programu makini anasema papo hapo: basi kiasi hiki kisigandishwe ndani ya programu, kikae mahali kinapobadilishika, kwa sababu kimeshabadilika mara moja.

Asha asiponunua umeme miezi miwili je? Akinunua wa 1,000 tu, pungufu ya kodi yenyewe, kioo kimwambie nini? Kadi nyekundu, kadi nyekundu. Halafu kuna hili ambalo msamiati wote wa duniani hauwezi kulitoa: Asha ni mpangaji. Kodi ya majengo ni deni la mwenye nyumba. Ili adai hela yake, anahitaji risiti inayoonyesha kodi imekatwa kiasi gani na lini. Kumbe ujumbe wa tokeni peke yake hautoshi. Hakuna aliyeliomba hilo kwenye kikao cha mahitaji. Limetoka kwa sababu mfano ulikuwa na mtu ndani yake.

Bado mtandao. Hela imekatwa, tokeni haijafika, Asha anabonyeza tena. Kanunua mara mbili au mara moja? Hapo mwanafunzi ajue kuuliza habari ya namba ya muamala: ombi la pili likija na namba ileile, mfumo urudishe tokeni ileile, usikate hela upya.

Dakika 25 zimeisha. Sasa mfundishe kusoma meza. Nyekundu zikiwa nyingi, stori haiingii kwenye sprinti hii, basi, hata bosi akipiga kelele. Bluu zikizidi nne au tano, stori ni kubwa, ikatwe. Kijani zikirundikana chini ya bluu moja, hiyo kanuni ina kanuni nyingine imejificha tumboni.

Yanayoharibika nayajua kwa majina. La kwanza: mchambuzi anakuja na kadi zote zimejazwa usiku nyumbani, mazungumzo yanageuka kusomewa risala. Mkataze, aje na ya njano tu. La pili, baya zaidi: anaona aibu ya kadi nyekundu, anajijibia mwenyewe. Mkufunzi ahesabu nyekundu na kuzisifia. Kila nyekundu iandikwe jina la wa kuijibu na tarehe. La tatu: mifano ya vitufe. "Anabonyeza kitufe cha kijani, ukurasa unafunguka." Kesho anayechora muonekano wa programu akibadilisha rangi, mfano umekufa.

Watu wa benki mnanyoosha mikono, nawaona. Mkaguzi anataka hati. Mpeni hati! Ilani inasema programu inayofanya kazi inathaminiwa zaidi ya hati nyingi. Haikusema hati ni haramu. Kadi za kijani ziandikwe kwa mtindo wa iwapo, pindi, basi: iwapo Asha anadaiwa kodi ya majengo ya mwezi mmoja, pindi anaponunua umeme wa 10,000, basi inabaki 8,500 ya umeme na tozo zake nyingine, na risiti inaonyesha 1,500 ya kodi ya majengo. Sentensi hiyo mkaguzi anaielewa, mpimaji anaigeuza jaribio ambalo kompyuta inaliendesha yenyewe, na siku kanuni ikibadilika jaribio linaanguka na kupiga kelele. Hati yako ya kurasa mia ikipitwa na wakati inakaa kimya.

Naambiwa muda. Mengine haraka haraka.

Kukata stori: kateni kwa kanuni. Asiyedaiwa kodi kwanza, anayedaiwa baadaye. Msikate kwa matabaka, sprinti hii hifadhidata, sprinti ijayo kioo, kwa sababu wiki mbili zitaisha na hakuna cha kumwonyesha mtu. Data: mchambuzi ajue kuandika swali la SQL, lugha ya kuiuliza hifadhidata, la kuunganisha majedwali mawili, ajionee mwenyewe miamala mingapi imekwama bila tokeni, asisubiri kuletewa. Muda wa kuandaa stori: Mwongozo wa Skramu wa 2017 ulitaja isizidi asilimia 10 ya uwezo wa timu, wa 2020 ukaifuta, lakini kwa anayeanza ni kipimo kizuri, kwenye sprinti ya wiki mbili ni kama siku moja ya kazi, mkaigawe vikao viwili. Makadirio ya ukubwa wa stori nayaacha, tutagombana bure.

La mwisho, kwa wanaolipia mafunzo. Msipime kwa vyeti. Chukueni sprinti tatu kabla ya mafunzo na tatu baada yake, hesabuni stori zilizosimama katikati kwa sababu ya swali ambalo lingeweza kuulizwa mapema. Namba hiyo isiposhuka, mwiteni mkufunzi arudi na kadi zake. Haya, maswali, na nianze na yule dada wa nyuma aliyekuwa anatikisa kichwa tangu nilipotaja Skramu.