Nani Anapanga Somo?

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu wote mliokuja, ahsanteni.

Nianze na jambo linaloniuma. Duniani leo watu wazima zaidi ya milioni 700 hawajui kusoma wala kuandika, na takribani theluthi mbili yao ni wanawake. Wengi wako katika nchi zinazoendelea. Takwimu hizi zikitajwa mikutanoni, hakosekani mtu wa kusema kwamba watu hawa hawana mwamko. Neno hilo silikubali. Mama aliyeamka alfajiri akachota maji, akalima, akapika, akauguza mgonjwa, kisha darasa la saa tisa alasiri likampita, hakukosa mwamko. Alikosa nafasi, na saa ile ilipangwa na mtu ambaye hata hakumwuliza.

Kwa hiyo leo nina swali moja tu: nani anapanga somo?

Tanzania walilijibu swali hili nusu, na ile nusu yenyewe ina mengi ya kutufundisha. Mwaka 1964, akiueleza mpango wa kwanza wa maendeleo wa miaka 5, Mwalimu Nyerere alisema ni lazima kwanza kuelimisha watu wazima, maana watoto hawangeweza kugusa uchumi kwa miaka 5, 10 au hata 20. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Kisha, mwaka 1973, ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Niruhusuni nikae hapo kidogo.

Kila wiki kipindi cha afya kilisikika redioni, na watu wakakaa pamoja kwa vikundi kukisikiliza. Aliyejua kusoma akawasomea wenzake kijitabu. Wakajadiliana. Halafu wakakubaliana kazi ya kufanya: kufyeka majani yanayozunguka nyumba, kufukia madimbwi ya mbu, kuchimba choo. Watu takribani milioni 2 walishiriki, na asiyejua herufi hata moja alikuwa na sauti sawa na msomaji. Ni kweli mada ilipangwa juu, wala sitaificha kasoro hiyo. Lakini choo kichimbwe wapi, nani aanze, na mjane asiye na nguvu asaidiwe vipi, hayo waliyaamua wenyewe. Ndiyo maana majembe yalishikwa.

Kisomo nacho kilipanda. Mwaka 1967 takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wamebaki takribani asilimia 10. Baada ya hapo nchi ikaanza kurudi nyuma. Hali ya uchumi ilikuwa imebana na fedha za elimu hii zikapungua. Kusoma ni kama njia ya shambani, isipopitwa huota majani. Waliokuja na gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho walilijua hilo mapema: ukishamfundisha mtu kusoma, una deni la kumpa cha kusoma.

Huko Brazil, mwaka 1963, mwalimu Paulo Freire na wenzake walifundisha kisomo wafanyakazi wapatao 300 katika mji wa Angicos, kwa saa 40. Maneno ya kujifunzia yalitoka midomoni mwa wafanyakazi wenyewe. Kwa njia hiyo, mtu aliyebeba matofali kutwa nzima angeweza kuanza na neno tofali, na kutoka hapo mazungumzo yakafika kwenye ujira na nani anaishi katika nyumba anayoijenga. Mwaka uliofuata jeshi lilipindua serikali, mpango ukasimamishwa, Freire akafungwa, kisha akaenda uhamishoni. Pimeni wenyewe uzito wa neno tofali.

Na India, katika kijiji cha Tilonia, chuo cha Barefoot College huwafundisha akina bibi kuunda na kutengeneza taa za umeme wa jua. Wengine wametoka nchi za mbali, hawana lugha moja na hawajui kusoma. Hujifunza kwa rangi, kwa alama na kwa mikono, miezi 6. Bibi huchaguliwa kwa sababu kijana akipata cheti huondoka kwenda mjini, bibi hurudi kijijini.

Sasa ninyi mnaoandaa miradi ya kisomo. Kabla hamjaandika muhtasari wa masomo, kaeni na kikundi. Waulizeni saa inayowafaa, lugha wanayoielewa, na nani atawashikia watoto. Wakisema wanataka kuelewa karatasi za mkopo wanazotia dole gumba, anzeni na karatasi za mkopo. Afya na kilimo vitafuata. Halafu waulizeni jambo moja zaidi, mapema, posho ya mwezeshaji ikiwa bado ipo: mradi ukiisha, ufunguo wa chumba cha kisomo atashika nani, na madaftari yatanunuliwa kwa mfuko upi? Msifungue darasa mpaka kikundi kimewatajia mtu huyo kwa jina.