Kila punje kwenye hindi ina baba yake

Niliyoongea na wakulima wa Inyala, Mbeya, kabla ya msimu. Nimeyaandika kama yalivyotoka mdomoni, na maswali yaliyoulizwa nimeyaacha humo humo.

Shikamooni wazee, mama zangu poleni na shughuli, vijana mambo vipi. Asanteni kwa kuja, najua watu mpo kwenye kuandaa mashamba na mvua za Novemba hazimsubiri mtu, kwa hiyo naingia moja kwa moja.

Naomba hili hindi lizunguke, kila mtu alishike, ila msilipukuchue tafadhali bado nalihitaji. Liangalieni vizuri. Ni hindi jeupe, si ndio? Lakini humo katikati ya weupe kuna punje za njano, mi nimehesabu nikapata 23, na hazijakaa pamoja, moja huku, mbili kule, zimetawanyika. Aliyelima anasema mbegu yake ilikuwa nyeupe tupu, na mi namwamini kabisa. Ila jirani yake upande ule upepo unakotokea alipanda mahindi ya njano. Nimewauliza watu pale nje, mmoja kaniambia ni mbolea, mwingine kasema ardhi imechoka, mzee wangu mmoja kasema radi. Hapana wazee wangu, hii ni ndoa. Yaani hapo mnaona watoto wa mama mmoja wenye baba tofauti.

Hindi linazaliwaje? Pale juu kabisa kuna mbelewele, hiyo ndio dume, inamwaga ule unga wa njano unaokupaka begani ukipita shambani asubuhi, ndio chavua. Huku katikati ya bua ndio jike, na zile ndevu zinazochomoza kwenye maganda kila uzi mmoja unakwenda kwenye punje moja. Moja tu. Chembe ya chavua ikitua kwenye uzi inaota kimrija kinashuka mpaka chini kwenye yai na hapo punje inatungwa. Uzi usipopata chavua pale panabaki pengo, ndio maana unakuta hindi lina mapengo kama mtoto anayeng'oka meno. Na kwa kuwa chavua inaletwa na upepo, na mbelewele kwa kawaida inaanza kumwaga kabla ndevu zake mwenyewe hazijatoka vizuri, sehemu kubwa ya punje zinapata baba kutoka mmea mwingine. Hindi lenye punje mia nne linaweza kuwa na akina baba kibao.

Sasa irudisheni kidogo nionyeshe kitu. Mama angalia hapa, hii njano unaionaje? Imefifia eeh? Na hili lingine ni la yule jirani, njano yake imekolea. Kwa nini imefifia? Ile sehemu ya wanga ya punje, tunayosaga sembe, inachukua sehemu mbili kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Mama mweupe kaleta weupe mara mbili, baba wa njano kaleta unjano mara moja tu, na bado ule mmoja umeshinda, ila umeshinda kwa kufifia. Mi kila nikikuta hindi la hivi huwa nakaa nalo muda mrefu, maana mahesabu yote ya kurithi yameandikwa pale juu ya meza yako ya chakula, huhitaji darubini. Gunzi na maganda ni mwili wa mama, punje ni watoto.

Huyu aliyegundua mahesabu haya alikuwa mtoto wa mkulima kama sisi, Gregor Mendel, kazaliwa 1822, akawa mtawa kwenye monasteri pale Brno, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Cheki. Kuanzia 1856 alilima njegere kwenye bustani ya monasteri karibu miaka minane. Njegere hizi hizi zinazolimwa Njombe na huku kwetu. Alichagua njegere kwa akili sana, maana ua lake limejifunga, linajichavusha lenyewe kabla halijafunguka, kwa hiyo ukitaka kuliozesha unakotaka wewe unafungua ua changa, unatoa visehemu vya dume kwa kibano, unaleta chavua ya mmea unaoutaka kwa mkono wako. Baba anajulikana. Hamna upepo wa jirani.

Akachukua njegere za mviringo laini akaziozesha na zile zenye makunyanzi. Watoto wote wakatoka mviringo. Wote! Mtu mwingine angesema basi makunyanzi yamekwisha, yeye akazipanda tena zijichavushe zenyewe, akahesabu punje moja moja: 5,474 mviringo, 1,850 makunyanzi. Gawanya utaona, ni tatu kwa moja karibu kabisa. Makunyanzi yalikuwemo muda wote, yalijificha tu.

Kijana njoo mbele, na wewe dada njoo. Kila mmoja ashike harage moja jekundu na moja jeupe. Jekundu tuseme ni mviringo, jeupe ni makunyanzi. Kila mmea una jeni mbili za kila sifa, jeni ndio yale maagizo ya kurithi, moja ya mama moja ya baba, lakini ukizaa unatoa moja tu na huchagui. Haya fumbeni macho, kila mtu atoe moja. Jekundu na jekundu, huyo mviringo. Tena. Jekundu na jeupe, huyo kwa macho ni mviringo lakini kabeba makunyanzi ndani. Tena. Jeupe na jekundu, vile vile. Endeleeni... haya, jeupe na jeupe, huyo hapo, makunyanzi, babu karudi! Mkirudia mara mia mtaona robo inakwenda huko. Nyekundu inaitwa sifa tawala, nyeupe sifa fiche. Na kutawala sio maana yake bora, hapo watu wanakosea sana. Ile njegere ya makunyanzi ina sukari nyingi zaidi kwa sababu jeni yake ya kutengeneza wanga imeharibika, sukari inabaki, inavuta maji, ikikauka inasinyaa. Kwa mlaji ndio tamu.

Mendel alisoma matokeo yake mbele ya watu Februari na Machi 1865, yakachapwa 1866, na karibu hakuna aliyeshtuka. Alifariki 1884. Mpaka 1900 ndio wanasayansi watatu, kila mmoja kwake, wakakuta kitu kile kile. Inaniuma mpaka leo huyu mzee hakuiona siku hiyo.

Sasa tuje kwenye gunia lenu la mbegu. Mwaka mmoja, mi nikiwa shule ya msingi, baba alivuna mbegu chotara, mahindi ya kupendeza, akachagua mahindi makubwa kuliko yote akayafunga juu ya jiko moshi uyapige, ndio mbegu ya mwaka unaofuata. Hakuwa mvivu, alichagua kwa macho makali. Shamba lile lilitoka kama darasa la watoto wa shule nzima wamepangwa mstari mmoja, hili refu hili fupi, hili lina mawili hili halina hata moja, lingine limekomaa lingine ndio linatoa ndevu. Alilaumu mvua, akamlaumu na aliyemuuzia mbolea. Mi nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima kwamba baba hakukosea kuchagua, alichokuwa anakiona sio kilichokuwemo ndani.

Chotara inatengenezwa hivi. Wanachukua mahindi wanayalazimisha kujichavusha yenyewe kizazi baada ya kizazi, yanakuwa mafupi, dhaifu, vihindi vidogo, lakini yanafanana kabisa. Alafu wanaozesha ukoo dhaifu na ukoo mwingine dhaifu na mtoto anatoka na nguvu ya ajabu. George Shull wa Marekani alilieleza hili 1908. Wazee mnaikumbuka ile chotara ya mahindi H614? Ile familia ya mbegu ilitoka Kitale, Kenya, ya kwanza yao H611 ikatoka 1964, na damu yake ilikuwa mahindi ya Kitale yaliyokutanishwa na mahindi kutoka Ecuador huko Amerika ya Kusini. Watu wa mbali ndio walioana, ndio maana ya zile nguvu.

Shida ni kwamba nguvu ile imekaa kwenye kuwa na mbili tofauti, nyekundu na nyeupe kwa pamoja. Shamba zima ni nyekundu-nyeupe, wanaoana wao kwa wao, watoto wanakuwa kama hawa vijana wangu wawili hapa: robo nyekundu-nyekundu, robo nyeupe-nyeupe, nusu tu ndio wamebaki mchanganyiko. Hiyo ni kwa sifa moja, na mahindi yana maelfu ya jeni. Ukirudisha chotara shambani umeshapoteza kama nusu ya ule mchanganyiko mwaka wa kwanza tu.

Mama mmoja kauliza hapa, mbona maharage yangu nahifadhi kila mwaka na hayabadiliki? Swali zuri sana mama. Harage ni kama njegere, linajioa lenyewe ndani ya ua, na lilishafanya hivyo vizazi vingi mpaka mbili zake zimefanana, nyekundu-nyekundu, hata ukigawa unagawa kile kile. Ukinunua mbegu safi ya maharage ya Uyole 96 unaweza kuirudia, mpunga wa Kyela vile vile, cha kuangalia ni magonjwa na kuchanganyika ghalani. Nyuki akiingia mara moja moja akachanganya hutaona mwaka huo huo, maana ganda la harage ni mwili wa mama, rangi ya mtoto inakuja kuonekana mwaka unaofuata, ndio pale unakuta maharage ya rangi ngeni unadhani umerogwa.

Na kwa wale wenye mahindi ya kawaida yasiyo chotara, hayo mnaweza kuhifadhi, ila msichague ghalani. Chagua shambani, mmea ukiwa umesimama, ufunge kamba, na ziwe za katikati ya shamba sio za pembeni anakopita baba wa jirani. Ziwe nyingi, mia na zaidi, maana ukichukua mahindi matano mazuri umeanza kuozesha ndugu. Wazalishaji wa mbegu wanaacha mita 200 au zaidi, sisi mashamba yetu yamebanana, basi kubalianeni na jirani mpishane kupanda wiki tatu au nne ili ndevu zako zisikutane na mbelewele yake.

Kijana wa mwisho kasema ana mche wa parachichi, kaotesha mbegu ya Hass aliyokula, je atavuna Hass? Hutavuna Hass mdogo wangu. Parachichi linaozeshwa na nyuki, kila kokwa ni mtoto mpya kabisa. Hata Hass yenyewe iliota kwa bahati, Rudolph Hass wa California alipanda kokwa miaka ya 1920, mti ukazaa tunda hilo akaliwekea hati miliki 1935. Mti ule ulikufa 2002, lakini kila mti wa Hass ulioko Rungwe na Njombe ni kipande chake, tawi kwa tawi, kwa kubebesha, yaani kuunganisha kijitawi chake kwenye shina la mche mwingine. Kwa hiyo wako usiung'oe. Shina likifika unene wa penseli tafuta kikonyo, yaani kijitawi cha Hass, kwenye mti unaojua unazaa vizuri, ukate kichwa, ubebeshe. Ukikwama kufunga nailoni nitafute, Jumamosi nipo.